Kifurushi cha Mama Mkwe, Kimoja

Shemeji yangu Naftali Kitundu akikutana na karatasi yenye muhuri huvua kofia. Simsingizii. Nilimwona kwa macho yangu pale ofisi ya kata, amesimama kichwa wazi mbele ya tangazo la chanjo ya mbwa, akalisoma lote mpaka tarehe iliyoandikwa chini kabisa, na nyumbani kwake hana mbwa.

Mimi ni Hana, mdogo wake Kristina, mkewe. Kwa mila zetu shemeji ni mtu wa kutaniwa, kwa hiyo ninacho kibali cha kumsema, na hicho ndicho kibali pekee duniani ambacho Naftali hajawahi kudai aonyeshwe.

Ugonjwa huu wa mihuri aliupata kazini. Kwa miaka kumi na sita alikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika hapa Iramba, kwenye kijiji chetu chini ya Kinampanda. Pamba na alizeti za kijiji kizima zilipita mbele ya jicho lake. Kisha ikaja biashara huria. Tukaambiwa kila mtu auze apendapo na amwuzie amtakaye, na ghala la ushirika likabaki na popo. Wenzake walirudisha funguo wakaenda kulima. Naftali alirudisha ufunguo, lakini penseli ya sikioni hakuirudisha, na kila Jumatatu aliomba ufunguo tena akaupake mafuta mkono wa mizani. Alisema mizani isiyopakwa mafuta hujifunza kusema uongo.

Basi mtu wa namna hiyo akalazimika kukaa barazani akiwatazama wanunuzi wa vitunguu wakija na malori yao kununua kwa lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linavikwa kilemba cha nyasi na kamba, na ndani ya kilemba vinaingia vitunguu vingine karibu nusu gunia, vyote kwa bei ya gunia moja. Sisi wengine tulinung'unika tukauza. Naftali alikuwa anaumwa kabisa. Dada alisema siku za lumbesa hali chakula cha mchana.

Mwaka tisini na saba akapata habari kwamba kuna mnunuzi Nairobi anayepima kwa kilo, sharti mzigo tuufikishe wenyewe, ukiwa umevuka Namanga kwa karatasi zote. Akapanda basi mpaka Arusha kuulizia. Alirudi baada ya siku tano na karatasi mbili, na Jumapili, ibada ilipokwisha, akatusomea nje ya kanisa, kofia mkononi.

Karatasi zilisema hivi: mnunuzi wa kule apate kibali cha kuingiza mazao, na huyo wetu alikwisha kukipata. Sisi mzigo wetu ukaguliwe mpakani na mtaalamu, na akiridhika atoe cheti cha afya ya mimea. Kitunguu kiwe kimekauka shingo. Kisiwe na majani, kisiwe na mdudu, kisiwe kimeoza. Gunia liwe jipya, bila nyasi juu wala chini. Na udongo usiwepo, hata wa kujaza kijiko.

"Afya ya kitunguu?" akauliza mzee mmoja wa kwaya. "Kwani kinaumwa wapi?"

Watu wakacheka. Mwingine akataka kujua kama vitunguu vitapewa kadi ya kliniki. Lakini aliyetoa hoja nzito ni mama yangu, Theresia. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwa Naftali, na akageuka kunitazama mimi.

"Hana, mwambie mkwe wangu kwamba udongo ndio nguo ya kitunguu. Anakipeleka uchi Nairobi?"

Hapa nieleze. Mama yangu ni mtu wa zamani. Tangu Naftali amwoe dada yangu, mwaka wa sabini na nane, salamu aliipokea na kuijibu, lakini maneno mengine yote yalipita kwa mtu wa tatu. Ndiyo heshima ya mkwe. Naftali naye hakuwahi kumwambia "hapana", hakuwahi kumuuliza swali, hakuwahi kumtazama usoni muda wa kuhesabu mpaka mbili. Miaka kumi na tisa mimi na dada tulikuwa simu yao.

"Shemeji," nikasema, "udongo ndio nguo ya kitunguu."

"Mwambie mama nimesikia," akajibu, akiitazama kofia yake. "Mwambie sheria inataka nguo ivuliwe hapa nyumbani."

Familia tisa zilikubali. Magunia mia na kumi. Kwa wiki mbili tulikaa chini ya turubai tukikata majani, tukipunguza mizizi, tukifuta kitunguu kimoja kimoja kwa vipande vya kanga kuukuu. Naftali alipita nyuma yetu akivinusa. Gunia langu la tatu alilimwaga lote chini kwa ajili ya kitunguu kimoja laini kilichokuwa katikati, na alikijua kwa pua. Nilimwambia angezaliwa mbwa tungekuwa na sababu ya lile tangazo la chanjo. Hakucheka. Familia tisa zilikuwa zimemwekea mazao ya msimu mzima mikononi, na mvua zilikuwa zinanukia mapema mno mwaka ule. Sote tulijua kwamba mzigo ukikwama njiani ukaoza, wa lumbesa watarudi na vilemba virefu zaidi.

Asubuhi ya safari lori likiwa limeshapakiwa, mama akaja. Amebeba kifurushi ukubwa wa mtoto wa miezi mitatu, kimeviringishwa kwenye kipande cha gunia la katani na kufungwa kwa kamba za magome. Alikitoa kwa mikono miwili. Naftali alikipokea kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa.

"Hana, mwambie mkwe wangu hicho ni cha yule atakayempokea huko. Mtu haendi ugenini mikono mitupu."

Mzigo wa mkwe haufunguliwi njiani na aliyeubeba. Unafunguliwa na aliyetumiwa. Kwa hiyo Naftali hakuuliza kina nini, na mimi nilikuwa nahangaika na kamba za turubai, nikadhani ni karanga. Akakipandisha juu ya magunia, mahali pa heshima, akakiegemeza kisiviringike.

Tulikuwa watatu: Naftali, mimi, na Stefano dereva. Mpaka Katesh tulikwenda vizuri. Baada ya Babati mvua ikatushukia, na kabla ya kufika Minjingu lori likazama matopeni, tukalala hapo na kushinda hapo. Naftali alishinda juu ya magunia akiingiza mkono chini ya turubai kupima joto, kama mtu mwenye mgonjwa wa homa. Siku ya tatu, saa sita mchana, tukaingia Namanga. Nyuma yetu mbingu ilikuwa nyeusi. Magunia ya pembeni yalikwisha kutoa jasho.

Mkaguzi alikuwa kijana wa miwani, jina lake Gervas. Alimwamkia Naftali shikamoo, akapanda juu na kisu kidogo na kioo cha kukuzia. Akachagua magunia aliyoyataka mwenyewe, akakata vitunguu, akavitazama tumboni, akakung'uta gunia juu ya karatasi nyeupe aone kitakachoanguka. Hakikuanguka kitu.

"Mzee wangu," akasema aliposhuka, "mzigo msafi namna hii sijauona mwezi huu wote."

Naftali alivimba mpaka nikahofia vifungo vya shati. Mimi nikaona kazi imekwisha, nikaenda kunywa chai kwa mama mmoja aliyekuwa na banda karibu na geti. Yaliyofuata Stefano ndiye aliyenisimulia, na Naftali hajawahi kuyakanusha.

Gervas alimpa fomu aorodheshe kila kitu cha mmea alichokuja nacho. Mtu mwingine yeyote angeandika vitunguu, akaweka sahihi, akavuka. Shemeji yangu alikaa chini. Akaandika: *Vitunguu maji, magunia 110.* Akafikiri. Akaandika: *Mswaki wa mti, mmoja, umetumika.* Akafikiri tena, muda mrefu, kisha akaandika: *Kifurushi cha mama mkwe, kimoja.*

Gervas akaisoma fomu. "Mzee, hiki cha tatu kina nini?"

"Sijui."

"Umeandika kitu usichokijua?"

"Nimeandika kwa sababu kipo."

"Basi tukifungue."

"Siwezi."

"Kimefungwa sana?"

"Hapana. Ni cha mama mkwe."

Gervas akavua miwani akaifuta. "Mzee wangu, mimi ni wa Kintinku. Mkoa wetu ni mmoja, na mama mkwe ninaye, na nikisikia kikohozi chake nakaa wima. Nakuelewa. Lakini sheria ya mimea haina mama mkwe. Kama hakifunguliwi, siwezi kusaini."

Stefano, ambaye amepita mipaka mingi kuliko sisi, akamnong'oneza Naftali kwamba labda kijana anataka chai tu. Naftali alimtazama kwa namna ambayo Stefano akaenda kukagua tairi.

Ndipo nikaitwa. Mimi ni binti wa Theresia, na mila ile hainifungi. Nilikuja na kikombe mkononi nikiwacheka wote wawili, wanaume wazima wamesimama mbele ya furushi wakilitazama kama vile ndani yake mna mkwe mwenyewe. Nikakata kamba.

Kicheko kikaniishia. Yalikuwa marando ya viazi vitamu, yale mashina ya kupandia, mabichi, mizizi yake imezikwa kwenye udongo mweusi uliolowa, na udongo ule niliujua, ulikuwa wa nyuma ya jiko la mama. Na marando niliyajua. Mama alipewa na mama yake siku ya kuolewa. Mwaka wa sabini na nne, tulipohamishiwa kijiji kipya na vyombo vingi vikaachwa, yeye alibeba marando yale kichwani. Chungu kikubwa kilibaki. Kwake kumpa mtu marando ni kumpa kitu ambacho kila msimu akichimba atakukumbuka. Nilisimama pale nikiona haya na kutaka kulia kwa pamoja.

Gervas aliuvunja udongo kwa ncha ya kisu. Ndani ya bua moja nene mlikuwa na funza mweupe, mfupi, anayejikunja.

"Huyu ndiye tunayemtafuta siku zote," akasema taratibu. "Akishuka kwenye shamba la mtu kule, viazi vyote vinakuwa vichungu. Hiki lazima kiteketezwe, mzee, hapa hapa. Na magunia yaliyolala chini yake yashushwe tuyaangalie upya."

Nikamwomba tukiache kwa mama wa chai, tukipitie wakati wa kurudi. Akakataa. Kilichokutwa na mdudu hakihami kwa jirani. Nyuma yetu ngurumo ya kwanza ikasikika, na Stefano akaanza kuvuta turubai.

Nikamvuta Naftali pembeni. "Shemeji, tukitupe haraka kwenye lile pipa la kuchomea taka, twende zetu. Nyumbani tutasema mnunuzi amepokea na ameshukuru sana. Mama atafurahi, na hakuna atakayejua."

"Halafu kwenye orodha yangu niandike nini?"

"Orodha gani?"

Akaionyesha ile fomu kwa kidole. Alikuwa ameanza kutokwa na jasho. Ninamtania mtu huyu tangu nikiwa msichana, lakini saa ile nilimhurumia sana. Nyuma yake kulikuwa na msimu wa familia tisa unaoanza kutoa jasho, na mkononi kitu cha mwanamke ambaye hajawahi kumkatalia hata bakuli la uji. Akavua kofia. Akachukua marando, yote, na udongo wake, akayapeleka mwenyewe mpaka kwenye pipa nyuma ya ofisi.

Mabichi hayaungui upesi. Gervas alileta mafuta ya taa. Moshi ukawa mwingi, mweupe, na Naftali alisimama ndani yake mpaka mwisho, akikataa kusogea, akikohoa. Kisha akaomba cheti.

"Cheti cha nini, mzee?"

"Cha kuteketeza."

Hakukuwa na fomu ya jambo hilo. Gervas aliandika kwa mkono: *Marando ya viazi vitamu, kifungu kimoja, pamoja na udongo, yamekutwa na mdudu na kuteketezwa mbele ya mwenye mali.* Naftali akagoma kusaini. Mwenye mali, alisema, si yeye. Gervas akafuta, akaandika "mbele ya mkwe wa mwenye mali", akagonga muhuri. Naftali akaomba muhuri wa pili, palipofutwa. Akapewa.

Magunia saba yalishushwa, yakaangaliwa, yakarudi. Cheti cha vitunguu kikasainiwa matone ya kwanza yakigonga bati la ofisi, na tulivuka mvua ikitufukuza. Nairobi tulipima gunia moja moja, na hakuna hata moja lililovikwa kilemba. Mnunuzi akasema tulete tena.

Kijijini tulipokewa kwa nyimbo. Naftali aliimba mstari mmoja akaenda kulala. Kwa siku nne alizungukia mtoni, njia ya nusu saa, ili asipite mbele ya nyumba ya mama. Nilimwambia kitabu cha dini kinasema Yona naye alizunguka. Siku ya tano akaja kunichukua.

Tulimkuta mama anachambua mtama. Naftali akaamkia, akasimama hatua zake tatu, akanipa ile karatasi. Nikaisoma yote, na mihuri nikaitaja. Mama hakuinua kichwa.

"Hana, muulize mkwe wangu, aliyeyachoma ni nani?"

"Mwambie mama ni mimi. Kwa mkono wangu."

"Muulize, hakuweza kuniambia yamepokelewa?"

Naftali akaigeuza kofia yake, akasema, "Mwambie niliweza."

Mama akanyoosha mkono, akachukua karatasi asiyojua kuisoma, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga. Akarudi kwenye mtama. Tukaaga tukaondoka. Njiani Naftali aliniuliza kama mtu anaweza kubaki na mke wakati mama mkwe amemkataa. Nilimjibu kwamba sheria hiyo sijaiona popote. Hata hivyo dada alisema usiku ule mumewe hakumaliza ugali, na wa kesho yake pia.

Mzigo wa pili ulikuwa tayari baada ya wiki tatu, magunia mia na arobaini, familia zimefika kumi na tatu. Asubuhi ya kupakia tulimwona mama anakuja, kanga ameishika mbele kwa pembe nne, wazi, kama anayebeba mayai. Nikajiweka sawa kupokea ujumbe wangu. Akanipita.

Akasimama mbele ya Naftali, hatua moja tu.

"Naftali," akasema. "Njoo uone kabla sijafunga."

Watu waliokuwa juu ya lori waliacha kupakia. Shemeji yangu alinigeukia, macho yanaomba msaada, na mimi nikajifanya natazama mbuzi wa jirani. Hakukuwa na mtu wa tatu tena. Ikabidi ainame aangalie.

Yalikuwa matobolwa, viazi vile vile vya nyuma ya jiko, vimechemshwa, vimekatwa vipande na kuanikwa mpaka vikawa vigumu, vinagongana kama kokoto.

"Vimepikwa," mama akasema. "Vimekaa juani siku tano. Hakuna mdudu anayekaa humo, na udongo nimeubakiza nyumbani. Huyo mtu wa Nairobi hatapanda, lakini atakula. Wewe andika."

Naftali akatoa penseli sikioni. Ilimwanguka, akaiokota. Akaweka karatasi juu ya gunia akaandika polepole, na mimi, kwa kuwa nina kibali, nilimchungulia begani. Chini ya vitunguu na mswaki alikuwa ameandika: *Matobolwa ya mama, kifurushi kimoja.* Neno "mkwe" hakuliweka, na katika maisha yangu yote sijaona Naftali akiruka neno.